Mangi Meli wa Moshi: mwili wa marehemu ni wa nani?

Katika kazi ya afya ya jamii huku Engaresero, kuna swali ambalo wauguzi tunaulizwa karibu kila mwaka. Mgonjwa akipewa rufaa kwenda Wasso, Karatu au Arusha, wazee hukaa pembeni wakanong'onezana, kisha mmoja wao anauliza: akifia huko, mwili wake tutarudishiwa mzima? Kuna familia ambazo kwa ajili ya hofu hiyo huchelewesha safari siku mbili au tatu. Mama mwenye kifafa cha mimba au mtoto mwenye nimonia hana siku mbili za kusubiri.

Wako wanaosema hofu hii ni ujinga. Si ujinga. Ina historia, na historia yenyewe ilitokea hapa hapa kaskazini mwa Tanzania. Makala hii inaieleza kupitia maisha ya mtu mmoja, Mangi Meli wa Moshi, kisha inaeleza taratibu zinasemaje leo, ili ukifika hospitali ujue la kuuliza.

Meli alikuwa nani?

Meli alikuwa mtoto wa Mangi Rindi wa Moshi, ambaye watu wa pwani na wageni walimwita Mandara. Moshi ya wakati huo ndiyo tunayoiita leo Old Moshi, juu mlimani, wala si mji wa sasa ulioko bondeni. Uchaggani hakukuwa na mfalme mmoja. Kulikuwa na Moshi, Kibosho, Marangu, Machame, Siha na nyinginezo, kila moja na mangi wake. Walipigana, wakapatana, wakaoana, wakapigana tena.

Rindi alikuwa mwanasiasa hodari. Mwaka 1885 alipokea wamisionari Waingereza, na mwaka huo huo akafanya mkataba na Wajerumani. Mwaka 1889 alituma wajumbe wake mpaka Berlin. Alitaka wageni wamsaidie dhidi ya jirani yake, Mangi Sina wa Kibosho. Mwaka 1891 Wajerumani walimpiga Sina kweli, lakini Rindi alifariki mwaka huo huo. Meli akarithi kiti akiwa bado kijana, na pamoja na kiti akarithi wageni waliokuwa wameshaona nchi ni yao.

Vita ya mwaka 1892 na 1893

Juni 1892 jeshi la Wajerumani chini ya Luteni von Bülow lilipanda kwenda Moshi kumtia adabu Meli. Matokeo hayakuwa kama walivyotegemea. Watu wa Meli waliijua kila njia ya migombani na kila korongo. Bülow aliuawa, na Wajerumani wakalazimika kuondoka mlimani kwa muda. Kwa wakoloni hiyo ilikuwa aibu kubwa.

Agosti 1893 walirudi na nguvu zaidi, wakiongozwa na Kanali Friedrich von Schele. Safari hii Moshi ilishindwa. Meli alisalimu amri na akabaki kuwa mangi, ila chini ya kituo cha kijeshi cha Wajerumani, na watu wake wakatakiwa kufanya kazi za wakubwa wapya. Wamisionari Waingereza walituhumiwa kumchochea, wakaondolewa. Nafasi yao ikachukuliwa na Walutheri kutoka Leipzig.

Mkuu wa kituo cha Moshi alikuwa Kapteni Kurt Johannes. Ndiye aliyeongoza pia mapigo makali dhidi ya Wameru na Waarusha baada ya wamisionari wawili kuuawa Meru mwaka 1896.

Tarehe 2 Machi 1900

Mwishoni mwa mwaka 1899 zilienea habari kwamba viongozi wa Kilimanjaro, Meru na Arusha wanapanga kuwafukuza Wajerumani kwa pamoja. Kiasi gani cha habari hizo kilikuwa kweli, na kiasi gani kilikuwa fitina ya mamangi waliokuwa wakigombea upendeleo wa mzungu, ni jambo ambalo wanahistoria wanalijadili hadi leo. Johannes hakusubiri mjadala. Viongozi walikamatwa.

Tarehe 2 Machi 1900 watu 19 walinyongwa Old Moshi. Meli alikuwa mmojawapo. Mangi Molelia wa Kibosho na Mangi Ngalami wa Siha walikuwa pamoja naye, pia viongozi wa Wameru na Waarusha. Siku moja, sehemu kubwa ya eneo hilo ikabaki bila wakubwa wake. Wazee wa Old Moshi husimulia kwamba Meli hakufa haraka, alining'inia kwa saa nyingi.

Husimulia pia kwamba baada ya kufa alikatwa kichwa, na kichwa kikapelekwa Ujerumani. Mwili ulizikwa bila kichwa. Kwa Wachagga, kama ilivyo kwa makabila mengi, mtu ambaye hakuzikwa inavyopaswa hajapumzika, na waliobaki nao hawapumziki.

Kwa nini walitaka vichwa vya watu?

Hapa ndipo hadithi ya Meli inapoingia katika mambo ya afya.

Kujifunza udaktari kunahitaji mwili wa binadamu. Daktari wa upasuaji hawezi kuujua mshipa ulipo kwa kusoma kitabu peke yake. Ni lazima awe amewahi kuona na kugusa. Hilo ni kweli tangu zamani na ni kweli leo, na kila mama anayejifungua salama kwa upasuaji ananufaika na elimu hiyo.

Lakini kilichotokea enzi za Meli kilikuwa kitu kingine. Huko Berlin alikuwepo daktari na mtaalamu wa makumbusho aliyeitwa Felix von Luschan. Aliwaomba maofisa, wasafiri na madaktari wa jeshi waliokuwa kwenye makoloni wamtumie mafuvu ya vichwa vya watu. Yalipimwa upana na urefu, yakaandikwa namba kwa wino, yakawekwa kabatini. Lengo lilikuwa kugawanya binadamu katika mafungu kwa umbo la kichwa. Elimu hiyo haikutibu homa wala kidonda cha mtu yeyote, na sayansi imeshaitupa. Mafuvu yenyewe yalitoka wapi? Mengine yalifukuliwa makaburini, mengine yalichukuliwa vitani, na mengine kwa watu walionyongwa.

Sheria zilikuwa zinasema nini?

Ni rahisi kudhani kwamba zamani hizo hakukuwa na sheria kabisa kuhusu miili ya wafu. Zilikuwepo, na zinaeleza mengi.

Uingereza, sheria ya mwaka 1752 iliagiza kwamba muuaji akinyongwa asizikwe kwanza: ama apewe madaktari wampasue, ama mwili wake utundikwe hadharani. Kupasuliwa kulifanywa kuwa sehemu ya adhabu. Ndiyo maana watu wa kawaida walikuja kuuogopa upasuaji wa maiti kuliko kifo chenyewe. Na kwa kuwa walionyongwa hawakutosha kwa vyuo vyote, wezi wakaanza kufukua makaburi usiku na kuuza maiti. Huko Edinburgh, mwaka 1828, wanaume wawili, Burke na Hare, waligundulika kuwa wameua watu 16 ili wamuuzie miili mwalimu wa anatomia.

Baada ya kashfa hiyo ikaja Sheria ya Anatomia ya mwaka 1832. Iliondoa adhabu ya kupasuliwa kwa walionyongwa, ikataka walimu wa anatomia wawe na leseni na wakaguzi wawepo. Ndugu wa marehemu walipewa haki ya kukataa, na baada ya masomo mwili ulitakiwa uzikwe kwa heshima. Hatua hiyo ilikuwa nzuri, ila ilikuwa na tundu kubwa. Mtu aliyefia kwenye nyumba za maskini, akakosa ndugu wa kuja kumdai, aliweza kupelekwa chuoni. Hivyo mzigo ulihama kutoka kwa muuaji ukaenda kwa maskini.

Sasa tazama mwaka 1900. Karibu miaka 70 ilikuwa imepita tangu wazungu waanze kuandika kwenye sheria zao kwamba ndugu wana haki ya kukataa. Pale Old Moshi ndugu wa Meli walikuwepo. Hawakuwa mbali, hawakuwa wamemtelekeza. Hakuna aliyewauliza. Haki iliyokuwa imeandikwa Ulaya haikupanda meli kuja Afrika.

Mkwawa alitajwa, Meli hakutajwa

Wengi tumesoma shuleni habari za Mkwawa wa Wahehe, aliyejiua tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe. Kichwa chake nacho kilichukuliwa. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Kifungu hicho hicho kilidai Kurani ya Khalifa Uthman irudishwe kwa mfalme wa Hijazi.

Miezi sita iligeuka kuwa miaka 35. Mwaka 1954 Gavana Edward Twining alilirudisha fuvu linaloaminiwa kuwa la Mkwawa, na hadi leo liko Kalenga, Iringa.

Meli hakuandikwa kwenye mkataba wowote. Waingereza waliomdai Mkwawa walikuwa na sababu zao za kisiasa. Kwa Meli hawakuona faida. Hivyo kazi ya kumtafuta ikabaki kwa ukoo.

Mate ya mjukuu

Mjukuu wa Mangi Meli ameandika barua na kuomba tangu miaka ya 1960 ili kichwa cha babu yake kitafutwe. Kwa muda mrefu hakupata jibu la maana.

Mambo yalianza kubadilika baada ya mwaka 2011, pale mkusanyiko mkubwa wa mafuvu uliokuwa kwenye hospitali ya Charité ya Berlin ulipohamishiwa taasisi ya serikali inayosimamia makumbusho ya mji huo. Watafiti walianza kupitia mafuvu yaliyotoka Afrika Mashariki, moja baada ya jingine. Walihesabu 1,135. Kati ya hayo, 904 yalitoka nchi ambayo leo ni Rwanda, 202 Tanzania na 22 Kenya. Namba hizo zisome taratibu: kila moja ni mtu aliyekuwa na mama.

Mwaka 2018 mjukuu wa Meli alitoa mate yake ili yapimwe vinasaba, kipimo ambacho wengi tunakiita DNA. Kipimo hiki hulinganisha urithi wa mtu aliye hai na ule uliobaki kwenye mfupa au jino la marehemu. Matokeo yalirudi: katika mafuvu yaliyopimwa, la Meli halikuwemo.

Hata hivyo, Septemba 2023 taasisi hiyo ilitangaza kwamba mafuvu matatu kutoka upande wa Kilimanjaro yamepata ndugu zao walio hai, kwa kipimo hicho hicho. Moja lilikuwa la mtu aliyejulikana kama Akida, mshauri mkubwa wa Mangi Meli. Kwa hiyo mshauri amepatikana kabla ya mangi wake. Old Moshi, mahali aliponyongwa, pana kumbukumbu ya Meli, na ukoo wake haujaacha kumtafuta.

Angalia pia jinsi kipimo kilivyofanyika. Safari hii watu waliulizwa. Walielezwa mate yao yatafanyiwa nini, wakakubali wenyewe. Hilo ndilo linalotofautisha mwaka 1900 na leo, na neno lake ni moja: ridhaa.

Leo hali ikoje?

Baada ya ukatili wa madaktari wa Kinazi katika Vita Kuu ya Pili, Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 ziliweka wazi kwamba hakuna mtu wa kufanyiwa utafiti bila kukubali kwa hiari. Azimio la Helsinki la mwaka 1964 likaongezea. Nchi zetu zimejenga sheria na taratibu zake juu ya msingi huo. Yafuatayo ni mambo ambayo kila familia inapaswa kuyajua.

1. Uchunguzi wa maiti kwa amri ya serikali. Mtu akifa ghafla, kwa ajali, kwa kupigwa au kwa namna yenye utata, sheria ya Tanzania inayohusu uchunguzi wa vifo inaruhusu mwili uchunguzwe ili sababu ijulikane. Hapo familia haiwezi kuzuia, kwa sababu lengo ni haki ya marehemu mwenyewe. Lakini inaweza kuuliza nani ameamuru na mwili utatolewa lini.

2. Uchunguzi unaoombwa na daktari. Mgonjwa akifa kwa ugonjwa, na daktari akitaka kujua zaidi, anapaswa kuomba ridhaa ya familia. Mnaweza kukubali, mnaweza kukataa. Mkikataa msinyanyaswe. Mkikubali, ulizeni kama kuna kiungo kitakachobaki maabara na kitarudi lini.

3. Miili ya kufundishia madaktari. Katika Afrika Mashariki, miili ya kufundishia vyuoni kwa muda mrefu imekuwa hasa ya watu waliokosa ndugu wa kuwadai. Kenya ina sheria yake mahsusi ya anatomia. Katika nchi nyingine za dunia njia inayopendelewa sasa ni ya mtu kuandika mwenyewe, akiwa hai na mwenye akili timamu, kwamba akifa mwili wake utumike kufundishia. Mtu mwenye ndugu anayefika na kumdai hachukuliwi kimyakimya. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuulinda mwili wa mpendwa wenu ni kujulikana mlipo.

4. Damu, mate na sampuli nyingine za utafiti. Utafiti wa afya kwa binadamu Tanzania unahitaji kibali cha maadili, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ndiyo inayosimamia. Sampuli haipaswi kwenda nje ya nchi bila makubaliano rasmi. Tangu mwaka 2009 ipo pia sheria inayosimamia vipimo vya vinasaba. Mtafiti akija bomani, ana wajibu wa kueleza kwa lugha mnayoielewa, iwe Kiswahili au Kimaasai, na kuwaachia nafasi ya kusema hapana.

Ushauri kwa familia za Engaresero na jirani

Sisi wa huku tunaishi karibu na nyayo za watu wa kale zilizoganda kwenye majivu ya volkano chini ya Oldonyo Lengai. Wageni hutoka mbali kuziangalia, nazo zinalindwa zisikanyagwe. Kama nyayo tu za mtu aliyepita maelfu ya miaka iliyopita zinastahili ulinzi, basi mwili wa baba yako aliyefariki jana unastahili zaidi. Kwa hiyo:

- Usicheleweshe rufaa. Hatari ya kukaa na mgonjwa mahututi nyumbani ni kubwa na ya hakika.
- Mgonjwa akisafirishwa, ndugu mmoja mwenye simu aende naye. Namba ya simu ya ndugu wa pili iandikwe kwenye faili. Mgonjwa asiye na ndugu wala namba ndiye anayeweza kuishia kuwa maiti isiyodaiwa.
- Majina yote ya mgonjwa yaandikwe, pamoja na kijiji, kitongoji na boma. Yapo majina yanayofanana sana.
- Kifo kikitokea, ulizeni karatasi inasema nini kabla ya kutia sahihi au dole gumba. Kama hamjaelewa, msitie.
- Mna haki ya kuuona mwili na kuukagua kabla ya kuupokea mochwari.
- Mkiwa na malalamiko, andikeni kwa mganga mfawidhi, kisha kwa mganga mkuu wa wilaya. Mwenyekiti wa kijiji na malaigwanani wanaweza kuwasaidia kuandika.

Na kwa wahudumu wenzangu: familia inapouliza juu ya mwili, tusikasirike wala tusicheke. Tujibu. Ukoo wa Meli umeuliza kwa miaka mingi na bado unasubiri jibu. Anayeuliza mbele ya dirisha la mochwari anahitaji dakika tano tu.

Kama una swali kuhusu rufaa, uchunguzi wa maiti au utafiti unaofanyika kijijini kwenu, muone muuguzi au mganga wa zahanati iliyo karibu nawe, au mhudumu wa afya ya jamii wa kitongoji chako.